Isale Nyuma ya Kwa Madavji

Mjini Arusha, katika barabara iliyotoka bomani kuelekea mto Naura, palikuwa na jengo moja la ghorofa lililobadili kazi mara tano bila kubadili jina hata mara moja. Watu waliliita Kwa Madavji. Madavji mwenyewe alifunga virago zamani, akaondoka na mkewe, mizani yake na sanduku la sufuria, lakini jina lilibaki limeng'ang'ania kwenye mawe kama masizi jikoni. Na ndani ya jengo alibaki mtu mmoja. Kila tajiri aliyelichukua alimkuta mlangoni ameshika funguo, akamchukua naye, kama mtu anunuaye kabati akapewa na kufuli lake.

Mtu huyo alikuwa Mika, mwana wa mzee Sumari wa Akeri, juu kidogo ya Tengeru, Mmeru kwa baba na kwa mama. Nalisema hilo mapema kwa sababu yeye mwenyewe alikaa miaka ishirini na miwili bila kulisema.

Jengo lilianza kupanda mwaka wa ishirini na saba. Mika alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, mabega mapana, na hamu kubwa ya kuonekana. Alibeba mawe kutoka mtoni pamoja na vijana wengine, na moja lilimponyoka likamponda kidole cha mguu. Fundi alilichonga hilohilo akaliweka daraja ya tatu ya ngazi za mbele. Tangu hapo Mika kila akipanda ngazi zile alilikanyaga kwa makusudi, kama anayelipiza.

Kazi ilipokwisha, chini pakawa duka na juu pakawa nyumbani kwa Madavji. Dukani palikuwa na marekani, majembe, taa za chemli na chumvi. Kutoka juu harufu ya bizari ilishuka kwa ngazi ya mbao ya uani, ikawafanya wateja wameze mate. Mika akabakizwa kupima vitambaa. Alijifunza kunyoosha kitambaa kwenye kaunta kwa dhiraa, akajifunza Kiswahili cha dukani, na kichwa kikaanza kuvimba. Akipanda mlimani kusalimia alivaa viatu, akatembea katikati ya migomba kama mtu anayeogopa kuchafuliwa na baba yake.

Mzee Sumari alikuwa amekwisha kuwagawia wanawe kihamba, shamba la ukoo, akiwa hai: upande wa juu wa Aikaeli, mkubwa, upande wa chini wa Mika. Mpaka ulikuwa mstari wa masale. Asiyeujua mmea huo aelezwe: una majani marefu, mabichi mwaka mzima, na mtu wa Meru huupanda mahali anaposema hapa ndipo ulipo wangu na hapa ndipo ulipo wako. Lakini una kazi nyingine kubwa zaidi. Mtu akimkosea mwenzake, kosa la kumnyima usingizi, hukata isale, akalifunga fundo, akampelekea kwa mikono miwili. Anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Anayelitupa isale amejitupa mwenyewe, hana ndugu tena.

Mzee alipofariki, Aikaeli aliingiwa na tamaa. Bei ya kahawa ilikuwa nzuri wakati huo. Akayang'oa masale, akapanda miche mpaka kwenye migomba ya mdogo wake. Mika alipokuja na kuuliza, Aikaeli alimjibu kwamba mtu aliyechagua kupima vitambaa vya Mhindi hana haja ya udongo. Lilikuwa neno baya, na lililosemwa mbele ya wake na watoto. Mika akashuka bila kuonja hata maji. Kwa hiyo kosa la kwanza halikuwa lake, na hilo ni vizuri kulikumbuka, maana yeye alilikumbuka sana. Alilifuga ndani yake mpaka likanenepa.

Kisha dunia nzima ikaharibika. Bei ya kahawa ikaporomoka, wateja wakawa wanaingia dukani kushikashika vitambaa na kutoka mikono mitupu, na Madavji akauza jengo kwa mama mmoja wa Kigiriki, mjane, aliyeitwa Bibi Katina. Duka likawa ukumbi wa kulia chakula. Kaunta ya vitambaa ikawa ya vinywaji. Vyumba vya juu vikagawanywa kwa mbao vikawa vinane, na mbele ikaongezwa baraza ambapo masetla, wazungu wa mashamba ya Usa na ya njia ya Moshi, walikaa kunywa na kulalamikia mvua.

Bibi Katina alikuwa amenunua vitu vya hoteli moja iliyofilisika: sahani, vitanda, na makoti meupe ya wahudumu yenye majina yaliyodariziwa kifuani kwa uzi mwekundu. Koti lililomwenea Mika lilikuwa limeandikwa Thomasi. Bibi Katina hakuona sababu ya kufumua uzi mzuri vile. Akamwita Thomasi, wageni wakamwita Thomasi, na Mika, ambaye bado alikuwa na donge na watu wa kwao, akaona si jina baya. Alipendeza katika koti lile. Kofia nyekundu, mshipi mwekundu kiunoni, trei juu ya kiganja cha kulia. Wahudumu wengine walimtania kwamba akipita hata kuku wa jikoni husimama.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwaka wa thelathini na sita, wakati wa masika, saa za mchana, baraza limejaa. Mika alikuwa anatoka na supu aliposikia mtu akiita jina lake kutoka barabarani. Jina lake la kweli, kwa Kimeru, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka shamba hadi shamba.

Aikaeli alikuwa amesimama chini ya ngazi. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, pekupeku, blanketi limelowa, matope ya mlima yamempanda hadi magotini. Watoto wake wawili walikuwa wamekufa wachanga, mmoja baada ya mwingine. Wazee wa ukoo walimwambia aende akatengeneze na mdogo wake, na mchungaji, ambaye hakuwahi kukubaliana na wazee hao kwa jambo lolote, safari hii alimwambia yaleyale: asikaribie meza ya Bwana kabla hajapatana na ndugu yake. Hivyo akakata isale. Na kwa kuwa hakujua kwamba watu weusi wasiotumwa hawapiti mbele ya hoteli, akapanda ngazi za mbele, moja, mbili, tatu, akasimama juu ya lile jiwe la Mika akalinyoosha isale kwa mikono miwili.

"Mika, mwana wa mama," alisema, "nilikukosea. Nimekuletea isale."

Setla mmoja akacheka puani. Mika alimtazama kaka yake, akaona matope, akaona blanketi, akaona kucha zilizopasuka, na badala ya kuona ndugu aliona wazungu wakimwona. Aibu ikampanda kama homa. Bibi Katina akatokea mlangoni akauliza, kwa Kiswahili chake cha kukata, "Thomasi, unamjua mtu huyu?"

"Simjui, memsabu," Mika alisema. "Ni muuza majani."

Akalipokea isale ili tu liondoke mbele ya macho ya watu. Mkono wa kulia ulikuwa na trei, kwa hiyo alilipokea kwa kushoto. Aikaeli aliutazama ule mkono wa kushoto, kisha akautazama uso. Alielewa Kiswahili vya kutosha. Akasema kwa Kiswahili cha taratibu, kama mgeni anavyosema na mgeni, "Asante, bwana. Mwenyewe akirudi, mpe." Akashuka zile ngazi akaenda zake.

Mika alipeleka supu. Kisha akazunguka nyuma ya jiko akalitupa lile isale kwenye jalala la majivu. Jioni Bibi Katina alimuuliza kwa nini yule mtu alimwita kwa lugha yake, naye akajibu kwamba alifananishwa tu, yeye ni Mrangi wa Kondoa. Hakuna aliyemlazimisha kusema Kondoa. Ndivyo uongo ulivyo, ukikosa pa kulala hujenga nyumba.

Mtu mwingine angesahau. Lakini isale si ua la kutupwa likanyauka. Lile tawi lilikuwa bichi, jalala lilikuwa na rutuba ya maganda na majivu, na mvua ilikuwa inanyesha. Baada ya mwezi Mika alikwenda kumwaga takataka akalikuta limesimama, limechipua jani jipya katikati. Alilishika aling'oe. Mkono ukakataa. Akarudi ndani akifuta viganja kwenye koti, na kuanzia siku hiyo hakuwahi tena kupita nyuma ya jiko bila kutazama chini.

Miaka ikaenda. Mika alioa mwanamke wa Kiarusha aliyeitwa Nashilu, wakapanga chumba Ngarenaro, wakazaa watoto watatu ambao wote walijua kwamba baba yao ni Mrangi asiye na watu, kwamba kwao wamekwisha. Hakukanyaga soko la Tengeru. Nashilu akimwambia ndizi za Tengeru ni nzuri, yeye alisema zinamvimbisha tumbo.

Vita vilipokuja, Bibi Katina akahama, na jeshi likalichukua jengo. Ukumbi wa chakula ukawa ghala la buti na mablanketi, na mbele pakawekwa mifuko ya mchanga. Juu, katika vile vyumba vinane, wanawake wa Kipolandi kutoka kambi ya Tengeru waliletwa siku fulani kupanga na kushona nguo. Mika alivuliwa koti jeupe akavishwa kaptura ya kaki, akawa mlinzi. Aliwaona wale wanawake, watu waliofukuzwa kwao wakavuka nusu ya dunia, jinsi walivyokuwa wakitamka majina ya vijiji vyao kila walipopata nafasi, kama wanaonja. Kwao yeye kulikuwa mwendo wa asubuhi moja, na hakuthubutu kukutaja.

Vita vilipokwisha likawa karakana. Kalasinga mmoja alitengeneza meza na majeneza chini, ukumbi uleule wa supu, na juu akapangisha mafundi cherehani. Vumbi la mbao likajaa kila ufa. Mika akawa msaga gundi, mfagiaji na mshika funguo. Kofia nyekundu ilishakwisha, mgongo umeanza kuinama, ndevu zimetoka na mvi ndani yake. Yule mtanashati aliyesimamisha kuku sasa alikuwa anaitwa Mzee Thomasi. Na nyuma, pale jikoni pa zamani, isale lilikuwa limekuwa kichaka. Lilizaa mengine, yakajipanga yenyewe kando ya ukuta mpaka chooni. Kila tajiri alitaka kuyakata na kila mara Mzee Thomasi alisema yaachwe, yanazuia nyoka. Kwa siri aliyamwagia maji wakati wa kiangazi.

Mwaka wa hamsini na tano jengo likapangishwa kwa chama cha wakulima wa kahawa wa mlimani. Hapo ndipo Mika alipokamatika.

Maana sasa wenye ofisi walikuwa Wameru. Waliingia kutwa na magunia ya habari: nani kaoa, nani kagombana na mchungaji, migomba ya nani imeangushwa na upepo. Walisema Kimeru mbele yake bila wasiwasi kwa sababu Mzee Thomasi ni Mrangi, hasikii kitu. Naye alisikia kila neno. Alisikia kwamba shangazi yake amefariki, akaendelea kufagia. Alisikia mzaha wa utotoni mwake, mzaha wa baba yake hasa, akageuza uso ukutani asicheke. Siku moja mkulima mmoja aliyeitwa Efraimu alimwonyesha kwa kidole akamwambia mwenzake kwa Kimeru kwamba mzee huyu ana sikio la ukoo wa Sumari, tazama lilivyosimama. Wakacheka. Mika aliuliza kwa Kiswahili kama wanataka chai. Akaenda uani akainjika birika.

Na ofisini, kwenye meza ya karibu na dirisha, alikaa karani msichana, jambo la ajabu siku hizo. Alisoma shule ya misheni, alipiga taipu bila kutazama vidole. Siku ya kwanza alipojiandikisha, Mika alikuwa anapiga deki pembeni, akasikia akitaja jina lake: Hanna, binti Aikaeli Sumari, wa Akeri. Kitambaa cha deki kilimwanguka.

"Shikamoo, Mzee Thomasi," Hanna alimwambia kila asubuhi kwa miaka mitatu. Naye aliitikia marahaba, bila kumtazama machoni, binti wa kaka yake.

Mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na nane ikatoka habari kwamba chama kinajenga ofisi yake chenyewe, na Kwa Madavji panageuzwa gereji. Tajiri mpya alikuja na kamba ya kupimia, akazunguka jengo, akatoa amri: ukumbi utabomolewa ukuta mmoja magari yaingie, na uani kote pamwagwe saruji. Akamwambia Mzee Thomasi ayang'oe yale majani kabla ya mwisho wa mwezi. Safari hii habari ya nyoka haikusaidia.

Mika alikuwa anayatazama, jembe mkononi, Hanna alipotoka ofisini kunawa mikono. Alisimama kando yake. Aliuliza ni nani aliyepanda masale mjini, tena nyuma ya choo, mahali pasipo na mpaka. Mika akasema yalijiotea.

"Masale hayajiotei," Hanna alisema. "Mzee, wewe ulikuwapo wakati pakiwa hoteli?"

Mika alikubali. Hangeweza kukana, watu wote walijua.

Basi Hanna akamsimulia. Alisema baba yake aliwahi kuja hapa na isale kumtafuta mdogo wake, akaambiwa amekwisha kuhamia Mombasa na tajiri wake. Lakini mhudumu mmoja mwema alilipokea lile isale, akaahidi kulifikisha. Baba yake hulisimulia jambo hilo kila mara kanisani linapokuja neno la upatanisho, maana yeye ni mzee wa kanisa. Husema kwamba baada ya isale kupokelewa, mtoto aliyefuata hakufa. Mtoto huyo ndiye yeye, Hanna.

Mika aliegemea mpini wa jembe. Mhudumu mwema. Angetukanwa, angevumilia. Angeambiwa kwamba kaka yake humlaani kila Jumapili, angesema sawa, ndivyo ninavyostahili. Lakini kusikia kwamba yule mtu alirudi mlimani na matope yake, akawakuta watu wanamsubiri, akakaa akamtungia yeye hadithi ya kumsitiri, hilo lilimwingia mahali ambapo hakujua kama bado pana nyama.

"Mhudumu yule alikuwa wewe?" Hanna aliuliza.

"Nilikuwa mimi."

"Na isale ulilifikisha?"

"Lilimfikia," Mika alisema.

"Basi kwa nini hakuja?"

Maji ya bomba yalikuwa yanadondoka nyuma yao. "Aliona haya," alisema.

Siku tatu baadaye Hanna alimletea salamu. Alikuwa amemwambia baba yake kwamba amempata yule mhudumu, anaitwa Thomasi. Baba yake, Hanna alisema, aliuliza kama mzee huyo ana afya njema, kama ana watoto. Mguu ulikuwa unamsumbua, miaka yote hii alituma wengine ofisini, lakini sasa amesema atakuja mwenyewe Alhamisi kwenye mkutano wa mwisho wa chama hapo Kwa Madavji. Anataka kumshukuru.

Kuanzia hapo Mika hakuonja ladha ya chakula. Alijua kwamba Aikaeli anajua Thomasi ni nani. Alifikiri kuugua. Alifikiri kwenda Kondoa, mahali ambapo hakuwahi kufika hata kwa makosa. Jumatano, akiwa amekaa Ngarenaro mbele ya sahani, alimweleza Nashilu yote, tangu masale ya kwanza. Alitegemea kwamba mkewe angalau angemhurumia.

Nashilu alisikiliza mpaka mwisho. "Watoto wangu wana baba mkubwa mwendo wa asubuhi," alisema, "nawe uliniambia wamekufa wote. Nimewaombea wafu walio hai." Alichukua shati la Mika akaenda kulifua, na kesho yake akampa likiwa limepigwa pasi, bila kumtazama.

Alhamisi wanachama walijaa mpaka barazani, pale masetla walipokuwa wakikaa. Mika alikuwa amekata isale asubuhi, kutoka kwenye shina lile la kwanza, akalifunga fundo kama alivyoona baba yake akilifunga, na kulificha ndani ya shati. Saa nne lori likasimama, Aikaeli akateremshwa. Alikuwa amezeeka kuliko Mika alivyomdhania. Amevaa koti jeusi na viatu, fimbo mkononi, Hanna akimshika kiwiko. Alifika kwenye ngazi akapanda moja, mbili, akafika daraja ya tatu akasimama kupumua.

Mika akatoka mlangoni. Nafasi ya kurudi ndani ilikuwapo bado, na nisiwadanganye, miguu yake iliifikiria. Kisha akashuka, akapiga magoti juu ya mawe mbele ya watu wote, akalitoa isale akalinyoosha kwa mikono miwili.

Aikaeli aliiacha fimbo ianguke ili apate mikono yote miwili. Akalipokea. Minong'ono ikaanza: Mrangi gani huyu aleteaye watu isale? Aikaeli alisikia, akageuka kwao, na Mika akaona, kwa hofu, kwamba kaka yake anataka kumsitiri tena.

"Huyu ni yule mhudumu niliyewasimulia," Aikaeli aliwaambia kwa Kimeru. "Alichelewesha ujumbe wangu kidogo. Anaomba radhi, na mimi nimepokea. Twendeni mkutanoni."

Hapo ingewezekana yakaisha. Watu walikwisha kuanza kutabasamu. Mika angeinuka, angefagia ukumbi baada ya mkutano, na kila mmoja angeenda kwake.

"Hakuna ujumbe uliochelewa," Mika alisema. Alisema kwa Kimeru, na Kimeru chake kilitoka na kutu, lakini kilikuwa cha Akeri, na wote walikisikia. "Mimi ni Mika, mwana wa Sumari. Huyu ni kaka yangu. Alinikuta hapa hapa, juu ya jiwe hili, nikamwambia mzungu simjui, ni muuza majani. Isale lake nililitupa jalalani. Kwenda Mombasa sijawahi."

Hakuna aliyecheka. Efraimu alilitazama lile sikio, akainamisha kichwa, pengine akikumbuka yote aliyoyasema mbele yake kwa miaka mitatu. Hanna aliuachia mkono wa baba yake akarudi nyuma hatua moja. Hakumtazama Mika. Alimtazama baba yake.

Hilo Mika hakuwa amelifikiria. Katika kuhesabu aibu zake zote hakuhesabu ya mwenzake. Uso wa Aikaeli ulikuwa umebadilika rangi, mzee wa kanisa, msimulizi wa upatanisho, mbele ya binti yake na wanachama wote.

"Miaka ishirini na miwili nimewaambia watu sikukuona," Aikaeli alisema kwa sauti ya chini, kwake yeye tu. "Nilisema uongo mmoja, nikausimulia hata madhabahuni, ili siku ukirudi ukute una kwenu. Sasa umeniacha uchi."

"Nisamehe, kaka."

"Nimekwisha kulipokea, sina la kusema." Aikaeli alilitazama isale, akapitisha kidole gumba juu ya jani. "Hili umelitoa wapi?"

"Nyuma. Ni lako lile. Liliota."

Mguu ukamshinda Aikaeli, akamwomba mdogo wake amsaidie kukaa, wakakaa wawili juu ya daraja ya tatu, na wanachama wakawa wanapita pembeni yao kuingia mkutanoni, wakikanyaga kwa uangalifu.

Jumapili ya pili yake Aikaeli alisimama kanisani Akeri akakiri kwamba alidanganya, akarudisha uzee wa kanisa. Mchungaji alimpa miezi mitatu ya kukaa benchi la nyuma, linalokaliwa na walevi na wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, bila kushiriki meza ya Bwana. Mika hakupewa adhabu yoyote, kwa sababu jina lake halikuwamo tena katika daftari la washarika. Alikwenda kukaa naye hata hivyo, kila Jumapili, na Nashilu na watoto wakakaa mbele pamoja na Hanna. Uani Kwa Madavji saruji ilikwisha kumwagwa. Masale yote yalikuwa yamepandishwa mlimani kwa lori la chama, yakarudishwa mpakani, na kahawa ya Aikaeli ikang'olewa kuyapisha.

Watu waliporudi kutoka mezani, walilazimika kuzunguka kwa nyuma na kupita kwenye lile benchi, na wengine waliwasalimia kwa macho na wengine hawakuwasalimia. Mika alikaa ameinamisha uso. Aikaeli alikuwa anamsogelea kidogo ili kuwapa watu njia.